Nesi Aliyenunua Dagaa kwa Ajili ya Karatasi

Akifika nyumbani na dagaa wake, Nesi hakuwapeleka jikoni. Aliwamwaga kwenye beseni la bluu lililokaa mlangoni, paka wa mtaa mzima wakaanza kujisogeza, naye akaketi kwenye kigoda na ile karatasi waliyofungiwa. Aliinyoosha juu ya paja, akaipuliza mchanga, akaisoma mbele, akaigeuza, akaisoma nyuma. Ikiwa ni gazeti la kawaida, aliikunja akaiweka ya kuwashia mkaa. Ikiwa ni ukurasa wa katuni, aliingia ndani akafunga mlango, na hapo ungepiga hodi mpaka vidole viume.

Yeye mwenyewe dagaa hakula. Alisema wanampa kiungulia. Kigoma ni mji ambao mtu hathubutu kusafiri bila kuwabebea ndugu zake dagaa, kwa hiyo mwanamke mzima anayenunua makopo mawili kila Jumamosi na kuwapa paka lazima azungumzwe. Wapo waliosema ana nadhiri. Wapo waliosema ni uzee umeanza. Mimi nilijua sababu, kwa kuwa karatasi zile ziliishia mezani kwangu.

Nina steshenari ndogo Gungu, jirani na shule. Natoa fotokopi, naprinti, naskani vyeti, nawaandikia watu barua za kuomba kazi. Nesi alikuwa mkunga mstaafu, mwenyeji wa Ujiji aliyejenga huku kwetu, mrefu, ushungi umebanwa kwa pini, na ile saa ya wauguzi bado inaning'inia kifuani ingawa hakuwa na mapigo ya mtu yeyote ya kuhesabu. Siku hizi amehamia kwa binti yake Tabora, na mtaa umepoa. Siku ya kwanza alipoingia dukani nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku akinikagua kutoka juu hadi chini.

"Huyu ni yule wa miguu," akawaambia wateja wangu. "Alitanguliza miguu huyu. Mpaka leo hana subira, hebu mwangalieni anavyobonyeza hiyo mashine."

Maana ni yeye aliyenipokea duniani, na hakuniacha nisahau. Hata mama yangu, Nesi alimwita Mama Miguu. Niliona aibu mwaka wa kwanza, baadaye nikazoea.

Alichokuja kutafuta siku ile kilinifanya niulize mara mbili. Alitaka kufungua blogu. Nilidhani ni ya uzazi wa mpango, au lishe ya watoto, mambo ya kazi yake. Hapana. Ilikuwa blogu ya Kishada.

Kwa asiyemjua, na ni wengi, Kishada alikuwa shujaa wa gazeti la katuni lililotoka kwa muda mfupi kabla sijazaliwa. Lilichapwa kwa wino wa rangi mbili, mweusi na mwekundu, likaja Kigoma kwa treni, likichelewa. Yalitoka matoleo kumi na manne tu. Kishada aliweza kubeba mtumbwi kwa mkono mmoja na kumsikia mtu anayeita akiwa ng'ambo ya maji, lakini hakuweza kupaa hata kimo cha kuku kama chini hakuna mtu aliyeshika uzi uliofungwa kiunoni mwake. Mara nyingi aliyeushika alikuwa dada yake. Adui yake alikuwa tajiri mmoja anayenunua upepo na kuufungia kwenye magunia.

Nilimuuliza Nesi kwa nini, katika mashujaa wote walioko duniani, amempenda huyu.

"Wale wengine wanaruka wenyewe," alisema. "Mtu anayeruka mwenyewe ana habari gani?"

Basi tukaanza. Yeye aliandika kwa mkono kwenye daftari la mistari mikubwa, mimi nikachapa. Makala yake ya kwanza ilihusu vidole vya miguu. Alikuwa amegundua kwamba katika toleo la tisa Kishada ana vidole sita mguu wa kushoto, na akarudi nyuma kukagua matoleo yote akakuta mchoraji hakukosea, amevichora sita kila mara mguu unapoonekana. Makala ya pili ilimlaumu mchoraji huyo huyo kwa mtoto wa ukurasa wa sita, toleo la tatu. "Hadithi inasema ana siku mbili," aliandika. "Huyo ni wa miezi mitatu. Shingo imekaza." Nilicheka hadi nikakosea kuchapa. Wiki ile ile tukapata wasomaji kutoka Mwanza, Mtwara, hata mmoja aliyesema yuko Bujumbura, na wote walikuwa wanataka kubishana juu ya vidole. Sikuwahi kudhani nchi hii ina watu wa namna hiyo.

Alikuwa na sheria moja, nayo aliiweka juu kabisa ya blogu, kwa herufi kubwa: NISICHOKIONA SIANDIKI. Ukitaka kusema jambo juu ya Kishada, taja toleo na ukurasa. Ukikisia, sema unakisia. Ukiandika makisio kama jambo la hakika, unafungiwa miezi mitatu, husemi kitu. Mwalimu mmoja wa Kasulu aliandika kwamba dada yake Kishada anaitwa Rehema. Nesi akamuuliza, ukurasa gani? Mwalimu akasema anakumbuka tu. Akafungiwa. Nilimtetea, nikasema ni mtu mzima, ana heshima zake, na jina lenyewe halina madhara.

"Leo Rehema," alinijibu, "kesho watamwoza."

Ukali huo nilidhani ni tabia tu, mpaka siku moja alipotaja chanzo chake, nasi tukisubiri umeme urudi. Alipokuwa muuguzi mchanga, katika zahanati ambayo hakuitaja nami sikumwuliza, mkubwa wake alimwagiza aandike kwenye daftari kwamba mtoto fulani alizaliwa amekufa. Yeye hakuwapo chumbani. Akaandika, akasaini. Baada ya siku chache mama wa yule mtoto akaja, akamwambia kwa upole kabisa: mwanangu alilia, nilimsikia. Nesi alinieleza hivyo akiwa ameshika ile saa ya kifuani, kisha umeme ukarudi na hakulirudia tena jambo hilo.

Lakini kwa mdomo alikuwa mwongo mzuri, na hakuficha. Miaka yote ya kazi aliwaambia wanawake "bado kidogo" wakati bado sana. Aliwaambia waume mambo yako sawa wakati hayakuwa sawa hata kidogo. Nilipomwuliza inakuwaje, alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini maji yana unyevu. "Pale kitandani mtu anahitaji nguvu," alisema. "Daftari halihitaji nguvu."

Kwa uongo huo wa kitandani ndipo ninapoingia mimi.

Mama yangu alikuwa amevuka kutoka Burundi wiki tatu tu kabla, Kiswahili chake cha kuokoteza, uchungu ukamshika mchana. Mimi nilikuwa nimekaa vibaya na gari la wagonjwa lilikuwa limekwenda mbali. Nesi alikuwa na mazoea ya kuwasomea wazazi magazeti ya Kishada, akionyesha picha kwa kidole, kwa sababu picha hazihitaji lugha. Siku hiyo alikuwa na toleo la kumi na nne. Wakafika mahali ambapo watu wa tajiri wanaukata uzi, na Kishada yuko juu hewani, anakuja chini. Nesi akafunua ukurasa. Kurasa za mwisho hazikuwapo. Mtu fulani wodini alikuwa amezichana kwa haja zake.

"Ameinuka?" mama aliuliza.

"Ameinuka," Nesi akasema. "Sukuma."

Nikazaliwa, miguu mbele. Na tangu siku hiyo Nesi alitaka kujua kama alisema kweli. Toleo la kumi na nne halikupatikana tena. Gazeti likafa, mchoraji hakuna aliyejua aliko. Blogu yote ile, vidole, shingo ya mtoto, mabishano ya Mtwara, nafikiri ilikuwa njia yake ya kuzunguka nje ya nyumba ambayo mlango wake haupati.

Halafu mifuko ya plastiki ikapigwa marufuku, wauza dagaa wakarudi kwenye karatasi. Mtu mmoja alikuwa na ghala la magazeti ya zamani yasiyouzwa, akayatoa kwa kilo. Jumamosi moja Nesi alinunua dagaa sokoni Katonga, kwa mama yangu huyo huyo, ambaye ana meza yake pale, na alipoinyoosha karatasi akamwona Kishada. Nilisikia kelele zake kabla sijamwona. Alikuja dukani na kandambili mguu mmoja. Hapo ndipo makopo mawili ya kila wiki yalipoanza.

Zilikuja kurasa za matoleo aliyokuwa nayo tayari, nyingi, zimelowa mafuta na zinanuka ziwa. Alizipokea zote kwa adabu. Baada ya miezi ikaja moja ya toleo la kumi na nne: Kishada yuko angani, na chini ufukweni kundi la wanawake wameudaka uzi uliokatika, wameushika kwa mikono yote. Pembe yenye namba ilikuwa imechanika. Wiki chache baadaye ikaja ya pili: Kishada amelala mchangani, barakoa imemtoka, macho yamefumba. Pembe ya hii nayo ilikuwa imelika kwa mafuta.

Nesi aliziweka kwenye kaunta yangu. Kwanza ya mchangani, kisha ya angani.

"Alianguka," alisema, "wanawake wakamwinua."

Nyuma ya ukurasa wa mchangani kulikuwa na tangazo la sabuni. Katika matoleo yote kumi na matatu aliyokuwa nayo, tangazo lile lilikaa nyuma ya ukurasa wa mwisho kabisa. Mimi nililiona. Yeye, aliyehesabu vidole vya miguu vya mtu wa kuchorwa, alilitazama akasema, "Matangazo nayo huhama," akanisogezea daftari nichape. Kichwa cha makala kilikuwa neno moja: ALIINUKA. Ilisomwa kuliko zote. Mwalimu wa Kasulu, aliyekwisha kufunguliwa, aliandika kwamba amelia. Nesi alipanda bodaboda siku ile ile kwenda Katonga kumwambia mama yangu. Mama alisema, "Vizuri," akaendelea kupepeta dagaa. Nesi alinilalamikia kidogo juu ya hilo. Alitegemea zaidi.

Mwaka haukuisha, yakaja maoni kutoka kwa msomaji wa Tanga. Maoni yote yalipita kwangu kwanza ndipo niyaruhusu yaonekane. Huyu alikuwa mpole. Alisema marehemu baba yake alimwachia toleo la kumi na nne likiwa zima, akaambatanisha picha. Wanawake wanaudaka uzi, ndiyo. Kishada anaokoa kijiji, ndiyo. Kisha wanawake wanachoka mmoja mmoja, uzi unawaponyoka. Ukurasa wa mwisho yuko mchangani, na chini ya miguu yake, vidole sita, pameandikwa Mwisho.

Nikayakalia maoni yale siku kumi na moja. Sina sababu nzuri. Kila asubuhi nilisema leo nitamwambia, akaja na daftari lake, akanitania juu ya miguu, nikachapa alichoandika. Nilimwogopea. Mtu huyu maisha yake yote alikuwa na kitu kimoja cha kujivunia, kwamba kalamu yake haijasema uongo mara ya pili. Siku ya kumi na mbili nikamgeuzia kompyuta, nikatoka nje kununua vocha nisiyoihitaji.

Niliporudi alikuwa amezitoa zile kurasa mbili kwenye bahasha. Aliugeuza ule wa mchangani.

"Sabuni," alisema. "Wewe uliiona?"

"Niliiona, Nesi."

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa na furaha."

Aliirudia skrini. "Haya yamekuja lini?" Nikamwambia. Akahesabu kwa vidole. "Siku kumi na moja. Basi na wewe umefungiwa siku kumi na moja. Mimi miezi mitatu."

Nilibisha. Nilisema ilikuwa bahati mbaya, kurasa hazikuwa na namba, mtu yeyote angepanga vile. Aliandika masahihisho pale pale, amesimama, na nayakumbuka yote kwa sababu yalikuwa mafupi: "Hakuinuka. Nilipanga kurasa vibaya, na ushahidi nilikuwa nao. Nilitaka ainuke." Akaongeza chini: "Mwenye blogu amefungiwa."

Na alifungiwa kweli. Alikuja dukani kama kawaida, akaketi kwenye stuli, lakini ukimtaja Kishada aliinua kiganja kama askari wa barabarani. Wasomaji walimwandikia mamia ya pole. Nilitaka kumsomea, akakataa. Dagaa aliacha kununua. Paka walikuja wakaketi kulizunguka beseni tupu, wakawa wanamtazama, ikawa yeye ndiye anayepita dirishani ili asionane nao. Nilijua pia kwamba Katonga anapakwepa, na nilijua kwa nini.

Zilipobaki siku tisa aliingia asubuhi amevaa gauni la sikukuu.

"Funga duka. Twende kwa mama yako. Siwezi kurudi kuandika kabla sijamwambia."

Nikasema nimpigie bodaboda mmoja tukae wote. Akasema yeye amewashona watu wengi mno waliokaa wote. Tukachukua wawili.

Mama alikuwa mezani kwake, ungo mkononi, dagaa wameanikwa nyuma yake mpaka karibu na maji. Alimkaribisha Nesi, akamsogezea ndoo iliyogeuzwa akae. Nesi hakukaa. Alisimama mikono imeshikana mbele, kama mtu aliyeitwa ofisini.

"Mama Miguu, yule hakuinuka."

"Nani?"

"Kishada. Siku ile nilikwambia ameinuka, na mwaka jana nikaja hapa nikakwambia tena. Nilikudanganya mara mbili. Alianguka mchangani, hadithi ikaishia hapo."

Mama aliweka ungo chini. Alijifuta mikono kwenye kitenge, taratibu, kila kidole.

"Ile siku," alisema, "wewe ulikaa hapa, mimi nililala hapa." Akaonyesha kwa viganja. "Gazeti ulilishika juu, hivi. Mimi nililiona kwa chini. Lilikuwa limekwisha, Nesi. Ulifunua, na mkononi hamkuwa na karatasi. Ulikuwa unanisomea hewa."

Nesi aliishika ile saa ya kifuani.

"Nikajua unanidanganya. Nikakutazama usoni, jasho linakutoka kuliko mimi. Nikasema moyoni, huyu dada hanijui, hata jina langu hawezi kulitamka, na anaogopa hivi kwa ajili yangu. Ndiyo nikasukuma."

"Ulijua?" Nesi aliuliza. "Miaka yote hii ulijua?"

"Ego," mama aliitikia, ndiyo ya Kirundi.

"Mbona hukuniambia?"

"Oya, hapana, Nesi. Hukuniuliza."

Hapo ndipo Nesi alipokaa. Alikaa juu ya ile ndoo, akaanza kucheka, akacheka mpaka ushungi ukalegea, na katikati ya kicheko nikaona analia, na mama naye akawa anamsugua mgongo kwa mkono wenye magamba ya samaki, akimwambia maneno ya Kirundi ambayo wakunga huambiwa au huwaambia watu, sikuyashika vizuri. Nilitazama ziwani. Nilijisikia mtoto wa siku moja kati ya watu wawili wenye mazungumzo yao.

Baadaye walizungumza mambo mengine, bei ya mawese, goti la Nesi. Wakati wa kuondoka Nesi alisema paka wake wamemwekea kinyongo, apimiwe makopo mawili. Mama akachomoa karatasi moja kutoka chini ya jiwe, akaitandaza mezani ili amimine. Ilikuwa na wino mwekundu, ule wa Kishada.

Mkono wa Nesi ulikwisha kuishika pembe. Kisha akaiachia, akafumba macho, akageuza uso upande wa maji.

"Tazama wewe," aliniambia. "Mimi bado siku tisa."

Niliichukua. Nikaitazama mbele, nikaigeuza, nikaitazama nyuma, nikarudi mbele.

"Kuna nini?" aliuliza, macho bado kayafumba, saa ya kifuani inapanda na kushuka.

Niliikunja mara mbili, nikaitia kwenye mfuko wa shati, nikamwomba mama karatasi nyingine.

"Subiri siku tisa, Nesi," nikasema.

"Wewe wa miguu!" akapiga kelele, na soko zima likageuka kututazama.